Uchaguzi wa Shabaha ya Kujifunzia Upinde

Mazungumzo yetu ya jioni hii yanahusu jambo ambalo aghalabu hupitwa bila kutazamwa na watu walioingiwa na shauku ya kujifunza upinde, nalo ni uchaguzi wa shabaha ya mazoezi. Mtu akisha kupata upinde wake huwauliza wajuzi, na wasio wajuzi pia, juu ya uzito wa kuuvuta, urefu wa mishale unaomfaa, na namna ya upote utakaodumu. Lakini juu ya kitu kile ambacho mishale hiyo itakwenda kukipiga asubuhi na jioni, mwezi baada ya mwezi, haulizi neno, kwa kudhani kwamba chochote kinachoweza kusimama mbele yake chatosha, liwe gogo la mnazi, au ukuta wa udongo, au kasha tupu la bidhaa. Dhana hiyo ina hasara nyingi, nami nakusudia kuzieleza. Kwa yakini yangu, shabaha ni mwalimu wa pili wa mwenye uta, tena ni mwalimu anayekaa naye muda mrefu kuliko yule wa kwanza. Na kwa kuwa mwalimu huchaguliwa kwa haja ya mwanafunzi, shabaha nayo ichaguliwe kwa kutazama mtu huyu amefika wapi katika elimu yake, na siku hiyo anataka kujifunza nini.

Kabla ya kutaja vitu na vipimo vyake, ni wajibu tuweke mpaka wa adabu, maana elimu ya silaha isiyotanguliwa na adabu ni hatari kwa mwenyewe na kwa jirani zake. Katika mapokeo ya Kiislamu, ambayo watu wa pwani yetu wameyasoma vyuoni kwa karne nyingi, upigaji mishale umepewa daraja kubwa: Saad bin Abi Waqqas hukumbukwa kwa sifa ya kuwa mtu wa kwanza kutupa mshale katika kuipigania dini hiyo, na imepokewa habari ya sahaba mwingine, Uqba bin Amir, ambaye katika uzee wake alikuwa akienda na kurudi baina ya shabaha mbili, na alipoulizwa sababu ya kujitaabisha hivyo akataja onyo alilolisikia kwa Mtume juu ya mtu ajifunzaye kupiga mishale kisha akauacha ujuzi huo. Lakini daraja hilo kubwa limewekewa sharti. Imepokewa vilevile kwamba Abdullah bin Umar aliwapitia vijana waliokuwa wamemfunga ndege na kumfanya shabaha, nao walikuwa wamepatana na mwenye ndege kwamba kila mshale utakaokosa utakuwa mali yake. Walipomwona wakatawanyika, naye akaeleza bila kificho kwamba Mtume amemlaani mwenye kukifanya kiumbe chenye roho kuwa kitu cha kulengwa. Hukumu hiyo ina hikima iliyo dhahiri hata kwa mtu wa dini nyingine, kwa kuwa maana ya mazoezi ni kujaribu na kukosea, na kila kosa la mwanafunzi likiangukia mwili wa kiumbe huwa ni mateso yasiyomfaa yeyote. Mwindaji ana mlango wake na kanuni zake. Mwanafunzi, awe mtoto au mtu mzima, asimlenge kuku wa jirani, wala paka wa mtaani, wala kunguru aliyetua mwembeni.

Mpaka huo ukisha kuwekwa, jambo la kuchaguliwa mbele ya mengine yote ni mahali, kwa sababu hesabu ya shabaha haiishii pale mshale unapotakiwa kuchoma, huendelea mpaka pale mshale uliokosa utakapoangukia. Upinde mwepesi, ule ambao kijana huuvuta bila taabu, waweza kuutupa mshale mbali kupita upana wa kiwanja cha mpira, na ule wa mtu mzima waweza kuutupa mbali kupita urefu wake. Basi mtu anayeisimamisha shabaha nzuri mbele ya njia ya wapita kwa miguu amechagua vibaya hata kama ameinunua kwa mali nyingi. Katika miji ya Uingereza ya zamani, ambako wanaume walilazimishwa na sheria kujizoeza upinde, watu walijenga vilima vya udongo vilivyofunikwa kwa majani, na alama ikawekwa juu ya udongo wenyewe, ili mshale uliokosa alama uishie ardhini palepale. Wajapani nao, katika viwanja vyao vya upinde, huipachika shabaha katika tuta la mchanga lililojengewa paa. Mwanafunzi wetu na afuate hikima hiyohiyo: atafute mteremko wa ardhi, au ukingo mrefu wa udongo usio na mawe, auweke nyuma ya shabaha yake, na ahakikishe kwamba hapana mlango, wala kichochoro, wala njia inayofunguka upande ule. Ufuo wa bahari, ingawa huonekana mtupu, si mahali pa kuaminika, kwa maana mvuvi anayerudi, au mtoto anayeokota kombe, hutokea pasipo kutazamiwa. Na kichuguu kikavu, ingawa kimeinuka na kuonekana kimefaa, ni kigumu mno, na mishale mingi itavunjika juu yake.

Tuje sasa kwenye mwili wa shabaha yenyewe. Mshale unapofika huwa unakwenda kwa mwendo ambao kwa upinde mwema hupita mita 50 katika kila sekunde, na nguvu yote iliyowekwa na mkono katika upinde imo ndani ya wano lile jembamba, liwe la mti, la mwanzi, la alumini au la kaboni. Nguvu hiyo haina budi kumalizwa na kitu. Kitu kigumu, mfano wa gogo au ukuta, huimaliza ghafla kwenye ncha, na matokeo yake ni wano kupasuka, au kigumba kubaki mtini wakati wano limetoka mkononi, au mshale mzima kuruka na kumrudia aliyeutupa. Kitu kinachofaa huimaliza kwa taratibu, kwa kuushika mshale ubavuni pande zote kadiri unavyopenya, mpaka mwendo wake ukaisha na mshale ukatulia ukiwa mzima. Mtu akilifahamu jambo hilo moja, kwamba shabaha njema huushika mshale ubavuni, atakuwa na mizani ya kupimia kila shabaha atakayoletewa, iwe imetoka dukani au imetengenezwa uani kwake.

Shabaha ya kale iliyoenea Ulaya ilitengenezwa kwa mabua makavu ya nafaka, yakasokotwa kuwa kamba nene, kisha kamba ikazungushwa juu ya nafsi yake na kushonwa kwa uzi imara, mpaka likapatikana duara zito lenye upana wa zaidi ya mita moja, likasimamishwa juu ya miguu mitatu ya mbao. Sifa yake ni upole: huupokea mshale bila kuudhuru na kuuachia bila inda. Kasoro yake ni kwamba mvua huiozesha, na kwamba pale katikati panapopigwa zaidi hulegea mapema kuliko pembeni, hata ikawa mshale bora ndio unaopenya mpaka upande wa pili na kuharibu manyoya yake. Shabaha ya siku hizi, inayoonekana katika viwanja vingi vya mashindano, ni ya sponji ngumu iliyopangwa tabaka juu ya tabaka na kubanwa kwa nguvu, na msuguano wa tabaka hizo ndio unaousimamisha mshale. Hiyo hustahimili maji kuliko majani, walakini bei yake ni kubwa, jua kali la miaka huikausha, na mshale mwembamba unaokwenda kasi huweza kupata joto la msuguano hata ukashikamana na sponji, ndiyo maana wazoefu hulipaka wano sabuni kavu kabla ya kutupa.

Namna ya tatu ni mfuko ulioshindiliwa matambara, na hiyo ndiyo ninayowapendekezea wasikilizaji wetu walio wengi, kwa sababu vitu vyake vyote vinapatikana masokoni mwetu na majumbani mwetu kwa gharama ndogo. Chukua gunia imara la katani au la juti, ulijaze nguo kuukuu, vipande vya vitambaa kutoka kwa mafundi cherehani, na mifuko laini ya plastiki. Lakini kabla ya kuitia nguo yoyote, ondoa zipu, vifungo vya chuma, na kila kitu kigumu, kwani kifungo kimoja kilichofichika chaweza kuvunja mshale wa thamani. Shindilia kwa mguu na kwa mti tabaka baada ya tabaka, mpaka gunia likisukumwa kwa ngumi lisibonyee ila kidogo, kisha lishone mdomo na ulisimamishe juu ya ubao au ulining'inize kwenye boriti. Makumbi ya nazi na majani ya mpunga pia yafaa kwa pinde nyepesi, yakikaushwa vizuri na kubanwa sana. Ila ijulikane kwamba kila mfuko, ukipigwa kwa majuma kadhaa, shehena yake hushuka chini na sehemu ya juu hubaki tupu, kwa hiyo mwenyewe hana budi kuukagua, kuugeuza na kuushindilia upya. Na anayepuuza kazi hiyo ataona siku moja mshale umepita juu ya gunia lake kana kwamba hapakuwa na kitu.

Hapo pana kanuni isiyopaswa kusahauliwa, nayo ni kuulinganisha mwili wa shabaha na nguvu ya upinde. Mwanafunzi mgeni hupewa upinde wa kuvutwa kwa nguvu ya ratili 20 hivi, pengine pungufu kwa mtoto. Mshale wa upinde huo ukipiga sponji ngumu iliyotengenezwa kwa pinde kubwa hauingii, hugonga na kuanguka chini, na mwanafunzi hufikiri kwamba amekosea ilhali kosa ni la shabaha. Kinyume chake, upinde wa ratili 50 hupita katika gunia la majani makavu bila kuulizwa. Waata wa nyika ya Tsavo, ambao watu wa nje waliwaita Waliangulu, walisifika kwa pinde ndefu nzito za kuwindia tembo, na kwa pinde za namna ile mfuko wa mtoto usingekuwa kizuizi hata kidogo. Pamoja na nguvu, tazama na ncha: kigumba cha mazoezi, kilichochongoka bila mbawa, huingia na kutoka katika shabaha zote tatu, lakini kigumba cha mwindaji chenye makali pande mbili au tatu huchana gunia, hunasa ndani ya matambara, na hukata sponji vipande, kwa hiyo mwenye vigumba hivyo awe na shabaha yake ya pekee ya sponji nzito, asiwaharibie wenziwe ya kwao.

Baada ya mwili huja uso. Uso unaojulikana zaidi duniani ni ule wa shirikisho la kimataifa la mchezo huu, lililoundwa mwaka 1931 katika mji wa Lwów, uliokuwa wakati ule ndani ya Poland. Uso huo una maduara kumi yaliyo ndani kwa ndani, na rangi tano, kila rangi ikichukua maduara mawili: nyeupe nje kabisa, kisha nyeusi, kisha buluu, kisha nyekundu, na katikati rangi ya dhahabu, ambamo duara la ndani lina thamani ya alama 10. Katika Michezo ya Olimpiki uso huwa na upana wa sentimita 122, nao hupigwa kutoka umbali wa mita 70, umbali aliopigia Shehzana Anwar, mpiga upinde aliyeibeba bendera ya Kenya huko Rio de Janeiro mwaka 2016, na lile duara la alama 10 lina upana wa sentimita 12.2 tu. Wenye pinde za roda hupiga uso wa sentimita 80 kutoka mita 50, na katika mashindano ya ukumbini watu hupiga uso wa sentimita 40 kutoka mita 18. Vipimo hivyo vimewekwa kwa ajili ya kupambanua baina ya mabingwa, yaani watu ambao makosa yao yamekuwa madogo hata yakahitaji maduara madogo ili yaonekane. Na mwanafunzi anayeununua uso wa mabingwa kwa kuwa ameuona mikononi mwa mabingwa hujipimia kwa kipimo cha mtu mwingine.

Walakini vipimo hivyo vina faida kwa mtu asiye na uwanja mkubwa, akizijua nisba zake. Duara la sentimita 122 lililo mita 70 huonekana machoni sawasawa na duara la sentimita 31 hivi lililo mita 18, na sawasawa na duara la sentimita 17 hivi lililo mita 10. Hivyo mtu mwenye ua mdogo aweza kuchora kwa makaa au rangi duara la kadiri hiyo juu ya gunia lake, akalizoesha jicho lake na mkono wake ukubwa wa shabaha ya mbali, bila ya kuwa na mita 70 za ardhi. Hatajifunza upepo kwa njia hiyo, wala kuinama kwa mshale katika safari ndefu, na hayo atayatafuta uwanjani siku atakapouweza uwanja. Lakini msingi wa kuvuta, kutulia na kuachia, ambao ndio sehemu kubwa ya elimu hii, hupatikana vilevile.

Juu ya umbali watu wana ghururi kubwa, na ni ghururi iliyowapotezea wengi. Wako wanaoitaja sheria ya Uingereza ya mwaka 1541, ya zama za Mfalme Henry wa Nane, iliyomkataza mtu aliyepita miaka 24 kupiga alama iliyo karibu kuliko yadi 220, ambazo ni kama mita 200, nao huona kwamba ushujaa wa upinde ni kupiga mbali tangu siku ya kwanza. Lakini sheria hiyohiyo ilimwamuru baba ampatie mwanawe upinde na mishale miwili tangu umri wa miaka saba. Yaani huyo mtu wa miaka 24 aliyekatazwa alama za karibu alikuwa ameanza utotoni na amekwisha kuzipita. Tena ilikuwa sheria ya vita, iliyotaka jeshi la adui likutwe na mvua ya mishale likiwa bado mbali. Makusudi yao yaliwachagulia umbali wao, nasi makusudi yetu yatuchagulie wa kwetu. Mtu anayejifunza leo hana adui wa kuzuiwa. Ana mkono wake mwenyewe wa kufundishwa.

Na sasa nimefika kwenye neno ambalo kwa ajili yake niliomba nafasi ya kuzungumza nanyi. Shabaha bora ya mwanafunzi ni ile iliyo karibu, pana, na tupu, isiyo na duara, wala nukta, wala rangi ya kuvutia jicho. Wajapani wana robota la majani makavu ya mpunga, liitwalo makiwara, ambalo mwanafunzi hulipiga akiwa amesimama mita mbili hivi mbele yake, mahali ambapo kukosa hakuwezekani, naye hukaa hapo muda mrefu kabla ya kuruhusiwa kuipiga shabaha ya sentimita 36 iliyo mita 28. Na hata mabingwa wao waliokomaa hurudi kwenye robota hilo mara kwa mara. Waturuki wa zama za Usmaniyya, waliokuwa na uwanja wao mashuhuri wa upinde, Ok Meydanı, katika mji wa Istanbul, walikuwa na mfuko wao walioupiga mishale kwa karibu namna hiyo, wakauita torba. Mataifa mawili yaliyokaa mbali hivyo, kila moja kwa njia yake na kwa upinde wake, yalifikia mwafaka juu ya jambo hili, na mwafaka wa namna hiyo haustahili kupuuzwa.

Sababu yake ni nyepesi kueleza. Kazi za mpiga upinde ni nyingi, nazo hufanywa katika pumzi moja: miguu ikae sawa, bega la mkono wa upinde lishuke, vidole vishike upote kwa kadiri moja, mgongo uvute pasipo mkono kulazimisha, mkono wa kuvuta utie nanga mahali palepale pa kidevu au shavu, pumzi itulie, vidole vilegee, na mwili ubaki kama ulivyo mpaka mshale umetua. Mtu aliyewekewa duara la dhahabu mbele ya macho hawezi kuyafikiri hayo. Akili yake yote imekwenda kwenye dhahabu, na mwili umeachwa ujifanyie upendavyo. Lakini akisimama hatua tatu au nne mbele ya gunia tupu, ambalo hawezi kulikosa hata akifumba macho, hana la kutamani wala la kuogopa, na fahamu yake hurudi mwilini ilikotakiwa. Mtoto wa chuoni huanzishiwa herufi moja moja ubaoni kabla ya kufunguliwa msahafu, na hapana mzazi anayeona kwamba mwalimu amemdhulumu kwa kumcheleweshea sura. Basi na mwanafunzi wa upinde asione kwamba amedhulumiwa kwa kucheleweshewa duara.

Tena gunia tupu ni dawa hata kwa waliobobea. Kuna ugonjwa wanaoujua wapiga upinde wa nchi zote, ambao humfanya mtu mwenye ustadi wa miaka mingi ashindwe kuituliza ncha ya mshale katikati ya shabaha. Kila akikaribia, vidole huachia kabla ya wakati, au mkono huganda chini ya duara ukakataa kupanda. Ugonjwa huo hauko katika misuli wala katika upinde, umezaliwa na hofu ya kukosa na tamaa ya kupata iliyorudiwa mara elfu. Tiba inayotumiwa na walimu wengi ni kuliondoa duara kabisa, kumrudisha mgonjwa kwenye gunia tupu la karibu kwa majuma au miezi, mpaka mwili umesahau hofu, kisha kumrudishia shabaha pole pole, kubwa kwanza na ndogo baadaye. Nami nauliza kwa ikhlasi: kitu kinachomponya bingwa, kwa nini tusimpe mwanafunzi tangu mwanzo kiwe kinga yake?

Ukifika wakati wa kulichora duara, lichorwe kubwa, na mwili wa shabaha uwe mkubwa zaidi yake, ili mishale iliyokosa duara nayo ipokelewe na kuonekana. Mshale uliopotelea majanini haumwambii mwenyewe lolote ila kwamba umepotea. Lakini mshale uliokaa pembeni mwa gunia ni shahidi, na mishale sita ikikaa pamoja ni mashahidi sita wanaotoa habari moja. Ikitawanyika juu na chini katika mstari wa wima, yamkini urefu wa kuvuta unabadilika, au mkono unaanguka kabla ya mshale kutoka. Ikitawanyika kulia na kushoto, yamkini vidole vinaung'oa upote kando badala ya kuuachia. Na ikikusanyika yote mahali pamoja, ijapokuwa mbali na katikati, mwanafunzi na afurahi, kwa maana mkono uliokwisha kuthibiti hurekebishwa kwa kubadili alama ya kulenga tu, ilhali mshale mmoja uliochoma katikati huku watano wametapakaa ni sudi, nayo haifundishwi wala haitegemewi. Mishale yake mingi ikisha kukaa ndani ya upana wa kiganja, siku baada ya siku, na asogee nyuma hatua chache. Ikitawanyika tena, na arudi mbele bila haya.

Mwindaji ataongeza jambo jingine. Wahadzabe wa bonde la Ziwa Eyasi huwapa watoto wao wa kiume pinde ndogo tangu wakiwa wadogo sana, nao hukua wakilenga vitu vya porini, karibu na mbali, juu na chini, katika ardhi isiyopimwa, na kwa njia hiyo jicho lao hujifunza kukadiria umbali kabla ya umri wa kuwinda. Mwenye kukusudia uwindaji wa halali hapati elimu hiyo kwa kusimama siku zote mbele ya shabaha moja iliyo katika umbali mmoja; yampasa awe na mifuko midogo miwili mitatu, aihamishe-hamishe, au apate sanamu za wanyama za sponji, azizoee. Lakini yeye pia ataanzia kwenye gunia tupu, kwa kuwa mnyama anayejeruhiwa na mkono usiofunzwa huenda akafia kichakani baada ya siku nyingi za maumivu, na dhima ya maumivu hayo ni ya mtupaji.

Limebaki neno la hadhari wakati wa kuchomoa mishale, maana madhara mengi hutokea hapo, watu wakiwa wamekwisha kuweka pinde chini na kujiona salama. Watu wote waache kutupa kwanza, kisha waende kwenye shabaha kwa mwendo wa kawaida, wasikimbie, kwa kuwa mkia wa mshale uliochomeka umeelekea usoni mwa ajaye. Anayechomoa na atazame nyuma yake kwamba hapana mtu, aweke kiganja kimoja juu ya uso wa shabaha kando ya mshale, aushike mshale kwa mkono wa pili karibu kabisa na shabaha, auvute kwa unyoofu bila kuupinda, na akague kama una ufa kabla ya kuurudisha katika podo. Jioni shabaha ihifadhiwe kivulini, iinuliwe isiguse ardhi yenye unyevu na mchwa, na ifunikwe wakati wa masika.

Ndugu zangu, najua kwamba upinde unapendeza machoni kuliko gunia, na kwamba kijana aliyeweka akiba yake kwa miezi mingi hupenda kuitoa yote katika upinde. Ushauri wangu kwake, na kwa mzazi wake, na kwa mwalimu wa shule anayetaka kuanzisha mchezo huu, ni kwamba anunue upinde mwepesi zaidi ya ule anaoutamani, na sehemu ya fedha itakayosalia aitumie katika shabaha imara na ukingo wa kutosha nyuma yake. Kwa miezi ya mwanzo mwalimu asimhesabie mwanafunzi alama, wala asimshindanishe na mwenziwe. Amsimamishe karibu, mbele ya gunia pana lisilo na duara, amtazame miguu, bega na vidole, amsifu kwa mshale uliotupwa vizuri popote ulipokaa. Mwanafunzi aliyelelewa hivyo, siku akipelekwa mbele ya maduara ya rangi tano, atakuwa na kitu cha kuyapelekea.